Maji ya Ngama na Mlango Wake

Mtu wa Kabambare akianza kuzungumza habari za tanga, mkuku na ngama, wasikilizaji wake hutabasamu, wala mimi siwalaumu, kwa kuwa mji wetu umekaa bara kati ya ziwa na mto, hauna bandari wala gati, na kijana aliyezaliwa hapa aweza kufikia umri wa kuoa kabla hajaona kwa macho yake chombo kinachosukumwa na upepo. Hata hivyo lugha tunayosema ina maji ya chumvi ndani yake. Waungwana waliofuatana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, walikuja kwa bunduki na kwa biashara ya pembe na ya wanadamu, jambo ambalo halifichiki. Lakini waliacha Kasongo na Kabambare maneno ya mabaharia wa Unguja, hata leo mtu akiona shauri linaharibika husema limekwenda mrama, asijue ya kuwa mrama ni kule kuyumba kwa jahazi lililopigwa na mawimbi ubavuni.

Tena mashua ya tanga iliwahi kupita hapa kwetu, ila ilipita juu ya watu. Mwezi wa Oktoba 1876 msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka ziwa la Tanganyika kuelekea mto Lualaba, ulipita Kabambare ukiwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Teddington kando ya mto Thames kwa mbao nyembamba za mwerezi, urefu wake futi 40 na upana wake futi 6, nayo ilikuwa imegawanywa vipande ili wapagazi waweze kuichukua; na vipande hivyo vilipofika Unguja vikaonekana ni vizito mno, ikabidi seremala avipunguze tena. Mashua hiyo ilikuwa imekwisha kulizunguka ziwa la Viktoria mwaka 1875 na ziwa la Tanganyika mwaka 1876, na baada ya kutoka kwetu ikateremka mto hata karibu na maporomoko ya Isangila, ambako iliachwa tarehe 31 Julai 1877. Nikisoma habari zake, simfikirii sana mwenye mashua, ambaye sifa zake zimeandikwa kupita kiasi. Nafikiria maungio yake. Mbao zilizochomwa na jua la njia ya kwetu Manyema siku baada ya siku, kisha zikaunganishwa kwa haraka ukingoni na kutiwa majini, zilivuja kiasi gani asubuhi ile ya kwanza?

Maana ubao uliokauka husinyaa, na pale unaposinyaa mshono hufunguka. Ukiurudisha majini hunywa, na ukinywa huvimba, na ukivimba mshono hujifunga wenyewe, kazi ambayo huchukua siku moja au mbili na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo chombo kilichoshushwa leo kutoka nchi kavu hakina budi kuvuja, na anayekilaani siku hiyo hukidhulumu. Lakini yako maji mengine yasiyokoma kwa kuvimba kwa mbao, nayo huingia yakiwa yamechanganyika na yale ya halali, hata nahodha mvivu akayahesabu yote kuwa ni ya namna moja, akasema, "Ngojeni mbao zinywe," na mbao zikanywa, na yeye pia akanywa.

Shabaha yangu katika makala haya ni maji hayo ya pili, na rai yangu ni kwamba sisi tunaosafiri na kusafirisha mali kwa vyombo vya mbao, ziwani na mtoni, tumezoea kuwasifu watu wanaoyatoa maji chomboni, na tumesahau kabisa kuwatukuza wale wanaojua kutafuta yanakoingilia.

Asiyepata kuona mashua na alitazame paa lake. Mvua ya masika inyeshapo usiku, tone huanguka juu ya mto wa kulalia, naye mwenye nyumba hupanda asubuhi na konzi ya nyasi, akaziba juu ya kitanda; na mvua ya pili tone huanguka palepale, kwa sababu maji yaliingia karibu na mwamba wa paa, yakateremka juu ya ufito, yakapita fundo la kamba moja na la pili, na yalipochoka kushika ufito ndipo yakaanguka. Katika chombo safari ya maji ni ndefu zaidi na yenye hila zaidi, kwani kuna mataruma, yaani mbavu za chombo, kuna mbao za ndani zinazofunika mataruma, kuna shehena juu ya mbao hizo, na chini kabisa kuna ngama, ambako maji yote, ya mvua, ya mawimbi na ya tundu, hukutana yakawa kitu kimoja kisicho na jina.

Haya nilifundishwa kwa aibu. Nilipokuwa kijana mjomba wangu alinituma ziwani na madebe ya mawese ili nirudi na dagaa na chumvi, nikafika Mtoa, ile bandari ya kale ambako vyombo vya Ujiji vilikuwa vikishusha misafara ya kuja huku kwetu, nikaikuta mashua niliyokusudia kuipanda inaelea karibu na ufuo, imefungwa kwa kamba, na ngama yake ina maji ya kufika kifundo cha mguu. Tajiri wa mashua alikuwa amekasirika, kwa sababu msimu uliopita alinunua mbao mbili mpya za tezini, yaani nyuma ya chombo, akalipa fedha nyingi, na maji hayakupungua hata kikombe. Mimi, kwa ujinga wa ujana na kwa haraka ya kuondoka, nikamwonyesha mzee mmoja fundi ubao uliolowa kuliko nyingine, nikasema, "Mzee, si ndipo hapa?"

Akanitazama bila ukali. "Hapo ndipo yanapolala, mwanangu. Mlango wake bado sijauona."

Kisha akatuteremsha sote, akachukua upo, yaani lile kata la mti la kufulia maji, akafua hata upo ukawa unakwangua mbao tupu, akamaliza kwa tambara, akikamua nje ya ubavu kwa taratibu ya mtu anayeosha maiti. Akaagiza majivu. Yakaletwa majivu meupe ya jikoni ndani ya kifuu, naye akayachekecha kwa vidole kuanzia mbele, omoni, hata tezi, kando ya mkuku, ule mti mkuu wa chini, na katikati ya kila taruma, tabaka jembamba kama unga unaobaki mezani. Halafu akaketi juu ya ukingo wa mashua, akawasha tumbaku, akanyamaza. Sisi tuliokuwa ufuoni tuliona kuwa kazi imesimama. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Baada ya kitambo majivu ya tezini, pale nilipopaonyesha mimi, yalikuwa makavu bado, ilhali kule mbele, chini ya mguu wa mlingoti, ulitokea uzi mweusi usiozidi unene wa kidole cha mtoto, ukatambaa chini ya ubao wa ndani, ukapotea, ukatokea tena kwenye taruma la pili, ukaendelea kuteremka kuelekea nyuma. Kutoka mahali maji yalipoingilia hata mahali yalipolala palikuwa na zaidi ya dhiraa sita. Mzee akaondoa ubao wa ndani, akabonyeza kichwa cha msumari kwa ukucha, na kutu ikatoka kama ugoro.

Sababu yake ikawa wazi mara ilipoonekana. Mlingoti husukumwa na tanga kwa nguvu zote za upepo, nao huzitia nguvu hizo katika mguu wake, na mguu huzitia katika mbao zilizo karibu na mkuku. Kila chombo kinapolala na kuinuka mbao hizo huchezacheza kidogo, na misumari iliyoanza kuliwa na kutu hulegea katika matundu yake. Zile mbao mbili mpya za tezini zilikuwa nzuri sana, nazo hazikuwa na kosa lolote, wala zile za zamani zilizotolewa na kutupwa hazikuwa na kosa.

Watu wa pwani wanayo hila moja ambayo sisi tumenyimwa. Baharia wa Lamu akikuta maji ndani ya jahazi lake, hutia kidole na kulamba: yakiwa ya chumvi ni bahari, yakiwa matamu ni mvua au mtungi uliopasuka, na kwa ulimi wake peke yake amekwisha ondoa nusu ya mashaka. Ziwani na Lualaba maji ya juu na ya chini yote ni matamu, basi ulimi hauna kazi, na badala ya kulamba yatupasa kuuliza. Je, maji huingia chombo kikiwa kimetulia, au kikiwa safarini tu? Yakiingia kwenye utulivu, mlango uko chini ya maji daima. Yakiingia wakati wa tanga tu, huenda mlango uko ubavuni, upande wa demanini, ambako chombo hulalia na mishono iliyozoea ukavu huzamishwa kwa saa nyingi. Basi tazama kama maji hupungua mkigeuza tanga upande wa pili. Yakiingia siku za mvua, usiharibu mkuku wa watu, panda juu ukatazame mbao za sitaha. Maswali haya hayana gharama yoyote, na sijui kwa nini ni machache kuliko misumari.

Iko njia nyingine, nayo ni kinyume cha ile ya majivu: chombo kidogo huvutwa nchi kavu juu ya magogo, kikatiwa maji ndani, na mtu akazunguka nje akitazama ni wapi yanatoka, akitia alama ya mkaa kila penye tone. Njia hii ni ya kweli na ni ya haraka, ila ina hatari ambayo wengi hawaifikirii, maana pipa moja la lita 200 lina uzito wa kilo 200, na chombo kilicho juani hakina maji ya nje ya kukiegemeza ubavuni, hivyo anayejaza kwa pupa huweza kufungua mshono uliokuwa mzima. Maji ya kufunika mkuku yanatosha, kisha subira.

Juu ya kuziba sitasema mengi, kwa kuwa mafundi wako na wanajua. Pwani, kama kule Matondoni katika kisiwa cha Lamu, kalafati ni pamba iliyosokotwa na kulowanishwa mafuta, ikapigwa ndani ya mshono kwa nyundo na patasi butu, na chini ya chombo hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Bara kila mtu hutumia alichonacho, lami, matambara, mawese. Lakini bati silipendi. Limeenea mno katika mitumbwi ya mtoni, ambayo kwa kuwa ni gogo moja haina mishono, bali hupasuka kwa jua. Mwenye mtumbwi hukata kipande cha bati, akakipigilia juu ya ufa, na ndani ya mwaka mmoja chini ya bati ule mti umeoza, misumari imezidisha matundu, na hakuna awezaye kuona lolote. Ni sawa na kulifunika jipu kwa kitambaa kisafi.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalia moyoni kuliko yote, ambalo ili kulieleza yanibidi niazime mfano wa ziwa lenyewe. Mwezi wa Mei 1874 Mwingereza Cameron, akipita kando ya ziwa la Tanganyika upande wetu, aliuona mlango wa mto Lukuga, akatangaza ya kuwa hapo ndipo maji ya ziwa yanapotokea. Stanley akafika mwaka 1876, akapima, akakuta matete na tope, na maji yasiyokwenda, akasema kuwa bado ziwa halitoki hapo, ila litatoka likizidi kujaa. Mwaka 1879 Hore, baharia wa wamisionari wa London aliyekaa Ujiji, akaenda kutazama, na mwishoni mwa mwaka huohuo akaenda msafiri Thomson, na wote wawili wakakuta mto wenye nguvu unaokimbia magharibi. Ziwa lilikuwa limejaa hata likaupasua ule ukuta wa tope na mimea, na katika miaka iliyofuata likashuka mita kadhaa. Maji hayo huingia Lualaba upande wa juu wa Kongolo, yakapita kwa jirani zetu wa Kasongo na Nyangwe, hata naweza kusema kuwa Manyema yetu hukaa kati ya chombo kikubwa na maji yanayovuja humo.

Wasomi wa Ulaya walibishana juu ya Lukuga, huyu akidai inatoka, yule akidai haitoki, na ubishi ule ungalikwisha mapema kama wangalikubali kuwa tundu ni nusu tu ya habari, na nusu ya pili ni kimo cha maji. Mahali palepale, penye udongo uleule, palikuwa pamefungwa mwaka 1876, na mwaka 1879 palikuwa pamefunguka. Chombo nacho ni hivyohivyo. Mashua tupu iliyofungwa ufuoni asubuhi huelea juu, na mishono yake ya ubavuni imekauka kwa jua, imesinyaa, iko hewani, haidaiwi kitu. Ipakie magunia, matajiri watatu, mbuzi na baiskeli, na mishono ileile inashuka chini ya maji ikiwa na kiu, umbali wa saa nne kutoka nchi kavu.

Ndiyo maana sioni faida ya ukaguzi kama nilivyouona kwa macho yangu katika gati moja nisiyoitaja, ambako mkaguzi alifika alfajiri kabla ya shehena, akakipiga chombo ubavuni kwa kiganja kama mnunuzi wa ng'ombe, akapokea ada, akagonga muhuri, akaenda kunywa chai. Chombo alichokikagua hakikusafiri. Kilichosafiri ni chombo kingine, kilichozama shubiri mbili zaidi. Natoa shauri hili kwa wenye mamlaka, na kwa matajiri wa vyombo, na kwa vyama vya wachuuzi wa kutoka huku bara: chombo kikaguliwe kikiwa kimepakiwa, ngama ikaushwe mbele ya abiria, na kwa muda wa saa moja mtu asiguse upo. Mzigo usioweza kungoja saa moja, mzigo gani huo?

Najua matajiri watajibu nini, maana mmoja alinijibu. Alisema kwamba kila chombo cha mbao huvuja, kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyoumba mbao, na kwamba yeye anaye kijana hodari wa kufua maji ambaye hajawahi kushindwa. Sehemu ya kwanza ya jawabu lake ni kweli. Hata ile mitepe ya kale ya pwani, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ilivuja, na mabaharia walifua maji huku wakiimba. Lakini nilimwangalia yule kijana hodari. Alikuwa na miaka kama kumi na mitano, viganja vyake vimekuwa vyeupe kwa maji, naye alikuwa amelala ameegemea gunia, upo mkononi, kwa sababu alikuwa hajafumba jicho tangu usiku wa manane. Uhodari wake ndio uliomzuia tajiri asijue hali ya mashua yake. Laiti angalikuwa mvivu, chombo kingalikuwa kimepandishwa nchi kavu zamani.

Wengine husema hatuna vifaa. Nakubali ya kuwa lami ni ghali na pamba safi haipatikani kila duka, lakini maarifa ya kupambana na maji hayakutokana na utajiri daima. Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, tarehe 26 Julai 1916, wahandisi wake waliipaka mitambo mafuta mazito kila mahali kabla ya kuiacha iende chini. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba na kwa mitambo ileile. Yaliyookoa mitambo ile chini ya ziwa ni mafuta yaliyopakwa na watu waliojua maji yatapita wapi. Na majivu yako katika kila jiko.

Nirudi Mtoa nimalize kisa changu. Yule mzee aling'oa misumari mitano, akaziba matundu kwa vijiti vilivyochovywa mafuta, akapiga misumari mipya kando yake, akatia kalafati katika mshono wa mkuku. Kazi ikachukua siku nzima na nusu ya siku ya pili, nami nikalala ufuoni juu ya madebe yangu nikihesabu hasara. Mashua iliporudishwa majini alifua yale machache, akachekecha majivu mapya, akatazama saa nzima, na majivu yakabaki meupe toka omo hata tezi. Tajiri akacheka kwa furaha, akamwita nahodha. Nahodha akaanza kulegeza kamba ya foromali.

"Bado," akasema mzee. "Pakieni kwanza."

Tukapakia. Mimi mwenyewe niliyabeba madebe ya mjomba kwa bega, maji yakinifika kiunoni, na kila debe lilipoingia mzee aliinama kutazama ubavu kwa ndani. La kwanza hata la nane hakusema neno. Nilipotua la tisa akatia kidole kwenye mshono wa tatu kutoka juu, upande wa kushoto, akakitoa kimelowa, akanionyesha mimi badala ya kumwonyesha tajiri.

"Shusha madebe yako, baba," akasema, akainuka kwenda kutafuta patasi.